Nilimkondesha Wifi Yangu kwa Kompyuta

Nianze na kosa lenyewe, nisije nikajificha nyuma ya maneno. Mimi ndiye niliyemkondesha wifi yangu. Hakuugua, wala hakukosa chakula. Nilikaa kwenye kiti, nikashika mausi ya kompyuta, nikamchimba mashavu. Na nilijua ninachofanya! Atakayekwambia nilipitiwa, anakudanganya.

Ilikuwa ile miaka soko huria lilipofunguliwa, mitumba imejaa Lindi, kila mwenye kachumba kake barabarani kafungua duka. Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi kutoka Dar na cheti cha kozi ya kompyuta ya miezi mitatu. Nikapata kazi kwenye duka linalochapa barua, kadi za harusi na mabango. Kompyuta ilikuwa moja tu, na nikimaliza kazi lazima niifunike kitambaa kilichodariziwa.

Sifa yangu mjini ilikuwa kivuli. Kwenye ile programu ya kuchorea unachagua rangi mbili, moja iliyokolea na nyingine iliyofifia, halafu unavuta mstari. Rangi zinaingiana zenyewe taratibu, hujui wapi hii imeishia na ile imeanzia. Duara ukilifanyia hivyo linageuka chungwa. Watu walikuwa wakija kutazama tu. "Lo! Limevimba kweli!" wanasema, na wengine wananyoosha kidole waliguse kwenye kioo.

Wifi yangu aliitwa Somoe, mke wa kaka yangu Rajabu, mzaliwa wa Kikole. Alikuwa fundi cherehani, na kwa magauni ya harusi Lindi nzima hakuwa na mpinzani. Mwanamke wa mashavu yaliyojaa, akicheka yanaingia vishimo. Alikuwa na mtoto mchanga wa miezi mitano, Fadhili, na mimi ndiye shangazi yake.

Mwisho wa mwaka Somoe akataka kalenda ya kuwagawia wateja. Juu iwe sura yake, chini magauni yake. Picha aliyoniletea, nilipoiingiza kwenye kompyuta, ilitoka imepauka, kwa hiyo nikaifuata juu yake kwa mistari, nikaijaza rangi upya na kuiwekea vivuli. Siku mbili nzima niliifanya ile kazi, na ilikuwa nzuri, jamani. Kazi safi!

Akaja kuiona, Fadhili mgongoni. Akasimama nyuma ya kiti changu.

"Mashallah! Wifi, umenitoa kama nilivyo. Hapo hapo, usiguse tena."

Dukani walikuwamo wateja kama watano. Akawageukia akicheka. "Huyu wifi yangu anajua kupamba sura za wenzake. Ya kwake tu ndiyo ilimshinda, mume kaikimbia!"

Wakacheka wote. Bosi wangu naye akacheka mpaka akavua miwani. Mawifi hutaniana, kwa hiyo nami nikacheka. Lakini nilihisi kama nimevuliwa nguo sokoni.

Somoe akaondoka. Ikaadhiniwa adhuhuri, bosi akaenda msikitini, nikabaki peke yangu. Nikaifungua ile kalenda.

Nikachora umbo kama jani chini ya mfupa wa shavu. Nikalimwagia kahawia iliyokolea juu, ikififia taratibu kuelekea mdomoni. Shavu likadidimia. Nikafanya la pili. Nikaweka vivuli viwili chini ya macho, na viwili shingoni ili mifupa ya mitulinga itokeze. Dakika kumi hazikutimia. Wallahi nilicheka peke yangu mle ndani!

Ningemchora pembe, watu wangecheka na yangeisha. Mimi nilimchora ugonjwa. Ile miaka dawa za UKIMWI hazikuwa zimefika kwetu, na mtu akikonda tu ameshahukumiwa. "Amekanyaga waya," watu walikuwa wanasema, na wanahamisha kikombe chake.

Nikaiweka kwenye disketi, nikampa kondakta wa basi aifikishe kwa mchapaji Dar. Mvua zilikuwa zimekata barabara, basi likakwama kwenye tope siku tatu. Siku tatu! Ningeweza kumwandalia mchapaji disketi nyingine, nikampigia simu kwamba ile ya kwanza aitupe. Kila asubuhi niliwaza hivyo, na kila asubuhi nilisema, acha aone.

Kalenda zilipofika, Somoe alifungua bunda kwa meno. Akaitazama moja.

"Wifi, mbona nimekonda?"

"Mashine za Dar hizo," nikamjibu. "Wino umezidi."

Akaamini. Akasema basi, muhimu magauni yanaonekana. Akazigawa mwenyewe, kwa mikono yake, nyumba kwa nyumba. Nyingine zikapanda mabasi mpaka Kilwa.

Kitu kibaya cha kalenda ni kwamba haiondoki ukutani. Bango lingenyeshewa likachanika. Ile mtu anaiangalia akinywa chai, anaiangalia akihesabu siku za Ramadhani. Haukuisha mwezi wa pili kabla sijasikia mwanamke dukani kwetu akimnong'oneza mwenzake, "Umemwona Somoe kwenye kalenda? Ana kwa ana anajipaka poda, lakini picha imemuumbua."

Wateja wakaanza kumkimbia. Mnajua fundi anavyompima mtu gauni, anabana kwa pini huku na huku. "Pini yake ikimchoma yeye halafu ikanichoma mimi?" wakawa wanasema. Bibi harusi mmoja alifuata kitambaa chake kikiwa kimeshakatwa, akakipokea kwa ncha za vidole. Somoe alinisimulia hayo analia. Alinisimulia mimi! Nikampa leso.

Na Somoe akaanza kukonda kweli. Hali chakula, halali usingizi. Mashavu yakaingia pale pale nilipoyachimba. Mpaka leo hilo sijui nilieleze vipi.

Kalenda moja ilifika Miteja, kwa mama yetu. Akapanda basi la kwanza. Alipoingia kwa Rajabu, Somoe alikuwa ananyonyesha. Akapiga magoti, "Shikamoo mama." Mama hakuitika marahaba. Alimchomoa mtoto titini, maziwa yakadondoka sakafuni.

"Unataka kumuua mjukuu wangu kwa hiyo sumu?"

Kaka yangu alisimama mlangoni tu. Watu walikuwa wameshamwambia kazini kwamba na yeye ni maiti anayetembea. Mama akamfunga Fadhili mgongoni, akaondoka naye Miteja, akamlishe uji na maziwa ya ng'ombe.

Somoe alikwenda hospitali peke yake kupima. Majibu yalichukua wiki mbili na zaidi. Kifua chake kilikuwa kinalowa kila jioni, akabadilisha kanga tatu kwa siku.

Karatasi ilipotoka, ilisema mzima. Mzima wa afya! Akanipitia dukani, akanishika mkono. "Wifi, twende wote Miteja. Mama akuone na wewe, atalainika."

Nikaenda. Tulimkuta mama uani, Fadhili mapajani, amenyong'onyea, macho yamezama. Alikuwa anaharisha siku ya tatu. Somoe akanyoosha karatasi kwa mikono miwili.

"Mama, sina kitu. Daktari ameandika. Nipe mwanangu nimnyonyeshe."

Mama hakuishika. "Karatasi inaandikwa na mtu. Mimi nilikuona kwenye kalenda kabla hujajua kuficha."

Kisha akanigeukia. "Wewe si ndiye uliyeitengeneza? Mwambie. Sura ile si ndiyo yake?"

Ndugu zangu, niliulizwa. Sikuhitaji hata kutafuta pa kuanzia. Neno moja tu, na mtoto angerudi titini dakika ile ile. Somoe alinitazama, ananingoja nimtetee.

Nikasema, "Mimi nilifuata picha, mama."

Tulirudi Lindi bila mtoto. Somoe hakunilaumu. Njia nzima aliishika ile karatasi, na pale njiani kwenye mashimo aliibana kifuani isikunjike.

Fadhili alifariki siku ya nne ya kule kuharisha. Innalillahi. Somoe alifika mtoto amekwisha kukafiniwa. Mama alimkataza asimguse, na wanawake waliokuwapo wakamshika mikono. Nilikuwa mmoja wao. Mimi nilishika mkono wa kushoto.

Kaka yangu alimpa talaka kabla ya arobaini. Somoe akarudi kwao Kikole na cherehani yake.

Miezi minane nilikaa na hilo jambo. Sikuweza tena kuigusa ile kazi ya vivuli, kila mviringo niliouona ulikuwa shavu. Bosi akachoka nami, akaniachisha. Ndipo nikaenda Kikole.

Nilimkuta anashona sare za shule. Nikaanza, "Wifi yangu..."

"Usiniite wifi. Kaka yako ameshaniacha."

Nikamwambia yote. Kivuli, utani wa siku ile dukani, disketi, tope, Miteja. Hakupaza sauti. Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akauliza jambo moja.

"Ilikuchukua muda gani?"

"Kama dakika kumi."

"Na kuirudisha ilivyokuwa?"

Nikainama kuokota nyuzi sakafuni.

"Nakuuliza. Kuirudisha ilivyokuwa, muda gani?"

"Ni... kubonyeza tu. Mara moja."

Akatikisa kichwa, akaendelea kushona. Nilikaa pale mpaka alasiri, nikasema nisamehe mara sijui ngapi, hakuniangalia tena. Nilipoinuka ndipo akasema, "Kamwambie mama yako. Mimi nimeshasikia."

Nilimwambia. Mama alilala kitandani wiki nzima uso ukutani. Mpaka anakufa hakula tena chakula cha mkono wangu. Kaka yangu tukikutana njiani anavuka upande wa pili. Kwao mimi sipo, na hawajakosea.

Sasa nawaona vijana na simu zao, wanafuta huku, wanaweka kivuli pale, wanamtumia fulani kwa kucheka. Acheni! Sura ya mtu si ya kuchezea. Utaibadilisha kwa mzaha, na aliyeipokea ataiamini kuliko huyo mtu aliyesimama mbele yake.

Na wewe ambaye umeshafanya, umekaa kimya unangoja upate ujasiri, nakuomba usingoje. Sema hata kama unatetemeka, hata kama watakupiga. Sema leo, huyo unayeweza kumwokoa angali anapumua.