Mshenga aliwaambia wakwe naingia kusomea udaktari, ikabidi niombe chuo kweli

Wakuu, salamu kutoka Tabora.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Napita kimya kimya, nacheka na nyuzi zenu, naondoka. Ila hili limenikaa kifuani, na kila nikimsimulia mtu ana kwa ana anacheka kabla sijafika katikati. Kwa hiyo naliandika hapa lilivyotokea. Majina nimebadili, mengine yote ni kweli tupu.

Niseme mapema tu kwamba mpaka naandika uzi huu sijui kama nilishinda au nilishindwa. Mtanisaidia nyinyi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya binafsi hapa mjini. Degree yangu ni ya sayansi na ualimu, Kemia na Baiolojia. Nimepanga Gongoni, chumba na sebule.

Sijawahi kuwa na ndoto ya udaktari. Wapo watu wanasema tangu utotoni walikuwa wanawachoma sindano wanasesere. Mimi nilikuwa nachunga ng'ombe wa babu kule Igunga, karibu na barabara kubwa, na nilichotaka ni kuendesha lori. Basi.

Hapo shuleni nikampata Neema. Anafundisha Fizikia na Baiolojia. Kwao ni Sikonge, wakulima wa tumbaku, Wamoravian wa kila Jumapili, sio wa Krismasi kama mimi. Tukapendana, tukazoeana, nikaona isiwe tabu, nipeleke posa.

Sasa kwa wale ambao hamjapita huko. Kwetu posa huendi mwenyewe. Unatuma mshenga, na neno la mshenga ndilo neno la ukoo. Akisema mtaleta ng'ombe, mtaleta ng'ombe. Wewe muoaji unakaa nyumbani na simu mkononi, unasubiri kuambiwa maisha yako yameamuliwaje.

Ukoo ukamchagua baba mdogo Mihayo. Anafuga nyuki, anauza asali, na kwa kuongea hana mpinzani. Kila mtu alisema huyu ndiye mwenyewe. Hata mimi nilisema.

Baba mdogo akafika Sikonge, akapokelewa vizuri, akakalishwa. Baba yake Neema, nitamwita mzee Yona, akauliza kijana anafanya kazi gani.

Baba mdogo akajibu ni mwalimu.

Mzee Yona, kwa upole wake, akasema, "Ni kazi nzuri. Walimu tunao, hata huyu binti ni mwalimu."

Hakusema kwa ubaya. Ila baba mdogo yeye akahisi mambo yanapoa, na mtu wa maneno akihisi mambo yanapoa anaongeza maneno. Akasema, "Huo ualimu ameushikilia tu kwa sasa, mzee wangu. Mwaka huu kijana anaingia kusomea udaktari."

Haya yote amenisimulia mwenyewe, tena kwa kujisifu.

Mzee Yona akafurahi sana. Akasema hiyo ni habari njema, basi hakuna haja ya kukimbizana, majibu ya chuo yakitoka warudi wamalize mazungumzo.

Jioni ile simu ikaita. Nikasema, "Shikamoo baba mdogo." Akasema, "Marahaba daktari."

Nilidhani amekosea namba.

Wakuu, kabla hamjaanza kunishambulia, nilitaka ukweli usemwe. Nilikwenda nyumbani kwa wazazi, nikawaambia baba mdogo arudi Sikonge akarekebishe. Baba yangu akakataa palepale.

"Mshenga akirudi kusema alidanganya," akasema, "tumewaambia wale watu kwamba ukoo huu unatuma waongo. Unadhani watakupa binti?"

 

Mama ndiye aliyemaliza kikao. Akauliza kama hiyo degree yangu si ya mambo hayohayo ya miili na dawa. Nikasema inakaribiana. Akasema, "Basi nenda kaombe. Ukipata, baba yako mdogo hatakuwa amedanganya."

Na wote wakaona ni busara. Yaani badala ya kufuta sentensi moja ya mtu mmoja, mimi nikasome miaka mitano, bado mafunzo ya vitendo. Na cha kushangaza, nikiwa kwenye bodaboda kurudi Gongoni, hata mimi nilianza kuona inawezekana.

Sasa njooni kwenye kuomba chuo chenyewe, maana najua wengine mmefungua uzi kwa sababu hiyo.

Kama una degree tayari na unataka MD, yaani degree ya udaktari, jiandae kuchanganyikiwa. Nilipiga simu chuo cha kwanza, nikaambiwa niombe kwa sifa linganishi, yaani nitumie degree yangu. Cha pili wakasema hapana, MD wanaangalia matokeo ya form six kwanza, na Fizikia yangu ya form six ilikuwa ya kunusurika. Cha tatu dada wa mapokezi akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayejali kabisa, "Kaka, una degree tayari, unatafuta nini tena?"

 Nikakata simu kama nimefumaniwa.

Nikaingia kwenye magroup ya WhatsApp. Huko ndio balaa. Mmoja anasema mwenye degree hapewi mkopo tena, mwingine anasema rafiki yake alipata, ukimuuliza huyo rafiki yuko wapi anasema hawawasiliani. Mmoja anasema GPA yangu inatosha, mwingine anasema kuna wenye kubwa kuliko yangu wameachwa. Mwingine akajitolea kunisaidia kwa koneksheni, huyo nikamblock.

Nyumbani nako moto. Baba mdogo alishanitangaza. Nikienda kusalimia, jirani wa mama ananionyesha goti. Nikamwambia mama mimi sijui chochote kuhusu magoti, nimesomea kufundisha watoto mlinganyo wa kemikali. Mama akasema, "Muangalie tu, mwanangu, atafurahi." Nikaliangalia. Jirani akafurahi kweli.

Aliyenitoa kwenye ule ukungu ni Neema.

Nilimwambia habari yote tangu siku ya kwanza, sikumficha. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akasema tufanye kweli. Akapakua mwongozo wa udahili, akausoma wote, akapiga mistari kwa kalamu nyekundu tunayosahihishia. Aliniambia chuo gani kinapokea sifa zipi, wapi Fizikia yangu itanikwamisha, wapi nijaribu bahati.

Kipindi cha mapumziko tunakaa kwenye kona ya ofisi ya walimu, ananiuliza maswali. Kwa nini udaktari? Kwa nini sasa? Ukikosa mkopo utafanyaje? Kila siku nilimpa jibu tofauti. Siku moja nilisema napenda kusaidia watu, akaniangalia tu, tukaendelea na swali lingine.

Tukaenda pamoja steshenari kujaza maombi. Mtandao unasumbua, yule dada wa pale anabofya, mimi nasoma namba zangu za mtihani. Tulipomaliza Neema akaniambia nitangulie, yeye ana mambo yake ya kuchapisha. Nikajua ni mitihani ya kidato cha pili. Nikatangulia, nikanunua mihogo ya kukaanga, nikamsubiri nje.

Majibu yalitoka siku ya kazi. Nilikuwa ofisini, wenzangu wengi wako madarasani. Nikafungua simu. Vyuo vyote nilivyoomba, hola. Hakuna hata kimoja.

Wakuu, nitasema ukweli ambao nyumbani sijausema. Kitu cha kwanza nilichohisi ni raha.  Nikajiona narudi darasani kesho yake na chaki yangu, na sikuona ubaya wowote. Ndipo nilipojua kwamba udaktari sijawahi kuutaka hata siku moja.

Halafu nikakumbuka posa, raha yote ikaisha.

Nikanyanyua macho nimwambie Neema. Alikuwa meza ya pili, simu iko mbele yake, analia. Nikasogea, nikaanza kumbembeleza. Nikamwambia usilie, tutaongea na mzee, tutapata njia.

Akatikisa kichwa. Akasema, "Mimi nimechaguliwa."

Sikuelewa. Nikamuuliza kuchaguliwa wapi.

Akanigeuzia simu. MD. Jina lake, chuo kikubwa, awamu ya kwanza. Siku ile ya steshenari hakuchapisha mitihani yoyote, aliomba na yeye. Fizikia yake ya form six ilikuwa nzuri tangu zamani.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilikuwa na hasira, nakiri, ila sikujua ya nini hasa.

Akasema, "Ningesema nyumbani ningeambiwa huu ni wakati wa kuolewa. Ningekuambia wewe, ungeniuliza posa itakuwaje. Nilitaka nijue kwanza kama ninaweza."

Akaongeza kwamba alitaka kitu hicho tangu form five. Baba yake ndiye aliyesema ualimu unamfaa msichana. Na mimi, ambaye nilikuwa nakaa naye kila siku tukijadili nani anafaa kuwa daktari, sikuwahi hata mara moja kumuuliza kama yeye anataka.

Kengele ikalia, akafuta uso, akaenda kufundisha. Mimi nikabaki pale na simu yangu.

Baba mdogo ilibidi arudi Sikonge, maana tuliahidi majibu. Safari hii baba alikwenda naye kumchunga. Wakaeleza kwamba kijana hakupata, na wakati huohuo Neema naye akawa ameshampigia baba yake.

Mzee Yona aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na baba yangu hajaacha kulirudia neno hili:

"Nyinyi mliniambia mnaleta daktari. Daktari nimeshampata, ni wangu. Sasa nyinyi mnaleta nini?"

Baba anasema kwa mara ya kwanza tangu amjue mdogo wake, alimuona amekosa la kusema.

Posa haikukataliwa. Haikukubaliwa pia. Mzee amesema tumbaku ya msimu huu ni ya kumsomesha binti, mambo ya ndoa yatazungumzwa akishatulia chuoni. Na tukirudi, tutume mtu mwingine.

Neema alithibitisha nafasi yake. Nilimsindikiza stendi asubuhi, begi kubwa nimebeba mimi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumpongeza na kumtia moyo, yakanipotea yote. Nikajikuta namuuliza kama yale maswali yake ya ofisini alikuwa ananiuliza mimi au anajiuliza mwenyewe. Akasema mengine yangu, mengine yake.

Kisha akaniuliza, "Ungechaguliwa wewe, ungeniomba nikusubiri?"

Nikasema ndiyo kabla hajafunga mdomo.

Akasema, "Basi nisubiri." Akapanda basi.

Sasa wakuu, hapo ndipo nilipo. Nimempongeza kwa moyo wote na bado kuna siku naona kama nimeibiwa. Halafu najiuliza nimeibiwa nini, kitu ambacho sikukitaka? Nampigia, ananisimulia anatomia, namsikia ana furaha ambayo sijawahi kumsikia nayo. Nakata simu nikiwa na furaha, naanza kusahihisha madaftari, katikati ya daftari la tatu moyo unaingia baridi.

Wanyamwezi wa zamani walibeba mizigo ya misafara mpaka pwani, na safari ilichukua miezi. Tunajivunia sana hilo, utalisikia hapa mjini kila kona. Waliokuwa wanasimuliwa ni waliokwenda. Waliobaki wakilima na kungoja walikuwa wake zao, na sijawahi kumsikia mtu akisimulia walingojaje.

Nilichojifunza, kwa mnaotaka kuomba MD mkiwa na degree: pigieni simu kila chuo kivyake, someni mwongozo wenyewe, na pigeni hesabu ya ada kana kwamba mkopo haupo. Mkipata mkopo mtashukuru.

La pili, kabla hujaomba, jiulize ni wewe unayetaka au kuna mtu alikusemea mahali. Mimi nilisemewa, na ningechaguliwa leo ningekuwa chuoni nasomea neno la baba mdogo.

La tatu, mtu anayekusaidia kwa bidii sana kutimiza jambo, hebu muulize na yeye analitaka. Ningeuliza mapema tungelia na kucheka pamoja siku ileile.

Karibuni mnishauri, na wa kunicheka pia mnaruhusiwa, nimeshazoea. Madaktari mliomo humu, niambieni kama huyu mtu atakayemaliza miaka hiyo atakuwa bado ni yule aliyepanda basi.

Na wanaume ambao mmewahi kuachwa nyumbani mkisubiri mwanamke arudi, jitokezeni hata PM. Huwa mnafanyaje?