Mama Ulimi na Gome la Bibi

Saa tatu asubuhi, na Mama Ulimi hajatia hata tone la chai mdomoni. Amekaa kwenye kibanda cha mbao ndani ya maabara, mbele yake vikombe tisa vyenye vifuniko, kila kimoja na namba ya tarakimu tatu isiyomwambia kilichomo. Anafungua cha kwanza, anapiga funda dogo, anahesabu kumi kimoyomoyo, anatema kwenye ndoo. Anaandika: sita kati ya kumi. Anasukutua kwa maji, anamung'unya kipande cha biskuti kavu, anavuta cha pili.

Ndiyo kazi yake kwa miaka kumi na minane: kuonja uchungu. Jina lake halisi wenzake wamelisahau siku nyingi. Siku ya kazi hali kitunguu wala hajipaki manukato, na akishikwa na mafua anarudi nyumbani.

Vikombe vyote vina maji ya mikuyu na jamaa zake: magome, majani na mizizi, vilivyosagwa, vikalowekwa na kuchujwa, kisha daktari akapitisha kwamba kuonja kidogo hakudhuru. Watafiti wanatafuta kemikali zinazogusa vipokezi vya uchungu, yaani milango midogo mno iliyo kwenye seli za ulimi. Vipokezi hivyo vimo pia tumboni na kwenye njia ya hewa, na huenda siku moja vikafungua njia ya dawa. Huenda, anakazia mtafiti wa kike anayemsimamia, mtu asiyependa kuahidi.

"Mimi nilianza utafiti kabla yao," ananiambia Mama Ulimi, akicheka. "Nilikuwa na miaka sita."

Aliyemnywesha ni bibi yake mzaa mama. Tumbo likimsokota tu, bibi huyo na kisu chake kwenye mkuyu nyuma ya jiko. Gome lilichemka kwenye sufuria nyeusi, likamiminwa kwenye bakuli la bati lililobonyea ukingoni. Mjukuu alianza kulia bakuli likiwa bado mbali. Bibi alipiga funda la kwanza mwenyewe, uso mkavu, akasema, "Wala si mchungu, mke mwenzangu. Kunywa."

Ulikuwa mchungu mpaka masikio yanawasha.

"Bibi hakuwa mwongo kwa lolote lingine," anasema. "Ila hilo lilinikaa rohoni. Nikawaza, kama hili kanidanganya, na mengine je?"

Bibi alifariki kabla ya kuulizwa. Nyumba iliuzwa, mkuyu ukakatwa. Kilichobaki ni kipande cha gome la ukubwa wa kiganja, ndani ya kopo la maziwa ya unga, alichoachiwa na mama yake mdogo. Akimkumbuka bibi sana hufungua kopo, hunusa, hufunga haraka harufu isiishe.

Mwaka huu ametimiza hamsini na tisa, na kustaafu kunabisha hodi. Akaamua gome lipimwe, ajue nani kati yao alikuwa mwongo: bibi, au mtoto mdekaji. Aliambiwa wazi kwamba likisagwa ndiyo basi tena. Alitembea nalo mkobani wiki mbili nzima.

Siku ilipofika alionja vikombe tisa akingoja ule uchungu wa masikio. Haukuja. Akamwambia mtafiti wamesahau kuliweka. Wala hawakusahau. Lilikuwa kikombe namba 417, na yeye mwenyewe alikuwa amekipa mbili.

Alidhani gome limechakaa. Alilia palepale kibandani, na haoni haya kulisema.

Mtafiti alichukua maji yaliyobaki akaenda nayo chumba cha pili. Humo kuna seli za binadamu zilizokuzwa kwenye vijisahani, zenye vipokezi vilevile vya ulimi na rangi inayong'aa kipokezi kikiguswa. Akamwita aje atazame skrini. Tone la 417 lilipodondoka, seli ziling'aa kuliko zilivyofanya kwa vikombe vingine vyote. Wakarudia mara tatu.

Gome lilikuwa zima. Ulimi ndio uliozeeka.

Fomu zake za nyuma zilipotolewa kabatini, zilionyesha namba zikishuka kwa miaka minne. Watafiti wanasema huwapata wengi umri ukisogea. Mwisho wa mwezi anatoka kibandani. Atakuwa akiosha vikombe na kubandika namba mpaka astaafu.

Nilimpa pole. Akatikisa kichwa, akaniuliza kama ninajua bibi alikuwa na umri gani enzi zile za bakuli. Alikuwa na sitini hivi.

"Kwake haukuwa mchungu kweli," anasema. "Nimemnunia bibi yangu miaka hamsini bure."

Akistaafu atapanda tawi la mkuyu nyuma ya chumba chake, kwa ajili ya kivuli na kumbukumbu. Ana mjukuu wa miaka mitano anayekimbia dawa ya kikohozi mpaka chini ya kitanda. Kwa huyo ameshapanga maneno.

"Nitaonja kwanza, kama bibi. Kisha nitamwambia: kwangu mimi si chungu, mke mwenzangu. Kwako najua ni chungu. Kunywa, nimekushika."