Boti ya Baba Ilipokataa Rivasi

Mama hana mazoea ya kupiga simu. Siku aliyonipigia nilikuwa juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, nimejikunyata ndani ya koti, nikingoja wageni wangu wamalize kupiga picha. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha, kwamba boti inasumbua gia. Ikifika mwaloni, pale boti zinapotia ufukweni, haikubali rivasi. Juzi yake baba aliingia nayo kwa kasi akaupasua mtumbwi wa jirani, na mwanamke aliyekuwa anaosha samaki aliponea chupuchupu. Wavuvi wenzake baba wakamwomba, kwa heshima, asiwashe tena injini ile mpaka itengenezwe.

"Njoo utazame, Emanueli," mama alisema. "Uniambie kama iliyochoka ni boti au ni baba yako."

Nikaomba ruhusa kazini.

Asubuhi niliyoondoka Karatu, mji ulikuwa umefunikwa na ukungu na vumbi lake jekundu lilikuwa limelala kwa umande. Kazi yangu ni kuendesha watalii, na gari nalijua. Boti nimeipanda tu. Hivyo nilipitia kwanza kwa Bi Zuhura, anayeuza vipuri vya pikipiki na vya pampu za kumwagilia vitunguu. Nilimweleza shida. Akasema hawezi kuniuzia kitu kwa kukisia. Nikishajua kibovu ni kipi nimpigie, naye atakitafuta. Nikabeba spana, grisi na oili, nikapata nafasi kwenye lori lililokuwa linateremka Mang'ola kuchukua vitunguu.

Barabara ya Mang'ola inakuvua nguo moja moja. Juu unavaa koti. Ukianza kushuka unalikunja. Ukifika bondeni, kwenye mashamba ya vitunguu na mikoche, unatamani kivuli cha aina yoyote. Mlima Oldeani unabaki nyuma yako, wa bluu, na mbele Ziwa Eyasi linameta kama bati jipya. Miaka hii maji yamejaa. Nimewahi kuliona likiwa uwanja mtupu wa magadi, ng'ombe wakikatiza katikati.

Mchana nilifika nyumbani. Baba alikuwa amekaa karibu na boti, si ndani yake. Ni boti ya faiba, rangi yake ya kijani imebaki kwenye mikunjo tu. Aliinunua kuukuu kutoka Mwanza tulipokuwa shule ya msingi, ikaja juu ya lori, na kijiji kizima kikatoka kuitazama. Ndiyo iliyotusomesha. Ndiyo iliyompeleka dada yangu ng'ambo ya ziwa siku ya harusi yake, shela limefungwa kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Baba hushika usukani na gia. Mama hukaa mbele na mti mrefu, akipima kina na kumwambia apite wapi.

Tulisalimiana. Akaniuliza habari za wanangu, habari za wazungu wangu, habari za mvua za juu. Habari ya gia hakuigusa mpaka tulipokwisha kula ugali na perege. Hapo akasema tu kwamba injini imezeeka, na kitu kilichozeeka kina ukaidi wake.

Jioni hiyo nilianza kazi. Kwenye boti ile, mkono wa gia uko pembeni mwa usukani, na kutoka hapo waya mnene uliovikwa plastiki unapita chini ya sakafu hadi kwenye injini nyuma. Niliujaribu mkono. Kwenda mbele uliingia kwa shida. Kurudi nyuma niliuvuta kwa mikono miwili na bado ukagoma. Nikafanya kama ningefanya kwenye gari: nikauchomoa waya upande wa injini, nikaizungusha propela taratibu huku nikisukuma kile kipande cha gia ambacho waya hukivuta, kwa kidole. Kiliingia mbele, katikati, nyuma, bila tatizo. Basi injini ilikuwa nzima. Nikarudi mbele nikavuta mkono peke yake, waya ukiwa haujashika kitu. Ulikuwa mgumu vilevile.

Ubaya ulikuwa kwenye waya. Nilipokata plastiki yake karibu na nyuma, ndani kulikuwa na kutu na unga mweupe. Chumvi ya ziwa ilikuwa imeingia kidogo kidogo, miaka yote hiyo.

Mama alisimama juu yangu na taa. Nilipomwonyesha aliugusa ule unga kwa kidole, akashusha pumzi ndefu. "Kwa hiyo ni boti," alisema, na nikaona jinsi alivyokuwa ameogopa.

Kesho yake nilimpigia Bi Zuhura nikampa urefu wa waya. Ulichukua muda kupatikana, maana alilazimika kuagiza Arusha, lakini ulifika juu ya lori lilelile la vitunguu. Kuufunga hakukuwa kugumu. Ugumu ulikuwa kuulinganisha. Mara ya kwanza niliwasha injini gia ikiwa katikati, na boti ikaanza kusogea mbele yenyewe, ikivuta kamba. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nikazima, nikalegeza nati mwishoni mwa waya, nikaizungusha kidogo kidogo, mpaka katikati ikawa katikati kweli. Gia sasa iliingia kwa vidole viwili.

Tukatoka ziwani watatu, baba kwenye usukani. Flamingo walikuwa mbali, mstari wa waridi. Aliendesha vizuri, akaimba hata wimbo wa kanisani. Tulipogeuka kurudi mwaloni, watu wakasimama kutazama. Nikamwona baba akipeleka mkono wa kulia kwenye gia. Vidole vilifika, havikufumba. Akajaribu tena. Ufuko ulikuwa unakuja. Mama aliacha mti wake, akavuka sakafu, akaweka kiganja juu ya mkono wa baba na kuvuta. Boti ikanguruma, ikapungua mwendo, ikagusa mchanga taratibu kabisa.

Mama akazima injini.

"Vidole hivi vimekufa ganzi tangu kiangazi," baba alisema, akiitazama injini. "Gia ilipoanza kugoma nilishukuru. Nilipata cha kusingizia."

Mama hakumgombeza. Alimwambia kwamba kesho atakwenda naye zahanati, na kwamba kuanzia leo yeye mama atakaa kwenye usukani. Baba akauokota ule mti mrefu, akaupima mkononi, akasema mama huwa anampitisha karibu mno na matete, na sasa atamwonyesha njia.

Siku ya kuondoka baba alinisindikiza hadi lori lilipokuwa. Kwetu mkono wa kushoto hautolewi kwa mtu, na yeye ndiye aliyetukanya hivyo tukiwa wadogo. Alinipa wa kushoto. Nikaupokea kwa wa kushoto.

Lori likapanda taratibu kuelekea Karatu, joto likabaki bondeni, nikavaa koti langu tena. Nilichojifunza kuhusu gia naweza kukieleza kwa yeyote mwenye boti kuukuu: chomoa waya, jaribu kila upande peke yake, utajua ubaya uko wapi. Kwa mzazi sikupata njia ya namna hiyo. Unakaa naye karibu, unafanya kazi iliyo mbele yenu, mpaka aseme mwenyewe.