Siku Majembe Yalipolazwa Shambani kwa Furaha

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, maana mvua ilikuwa imelowesha ardhi vizuri, nasi tukaiacha bila kuilima. Jana nilipokusikia ukimtambia rafiki yako wa Kikongo kwamba "tumeuchukua mji", siku ile ilinirudia yote.

Nilikuwa bado mke mgeni hapa kilimani kwetu Heru Juu. Tulilima kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, na siku hiyo ilikuwa zamu ya Furaha, jirani yetu aliyeolewa hapa kutoka Uvira. Huko kwao Kongo kulikuwa na vita kama hivi vya leo. Wiki hii mji uko kwa waasi, wiki ijayo uko kwa serikali, na nyuma ya kila upande kuna majeshi ya nchi za watu. Mume wangu Yeremia alikuja shambani na redio yake. Mambo ya vita aliyajua yote, kasoro kuikimbia risasi.

Redio ikatangaza kwamba Uvira umetekwa. Yeremia akapiga makofi. Sadoki, mkulima mwenzetu aliyeshabikia upande wa pili, akamrushia maneno, na mara wakulima wakagawanyika makundi mawili, ungedhani ni mpira. Wengine wakabeba majembe yao waondoke. Furaha akabaki amesimama na kikapu chake cha mbegu za maharage.

"Mama yangu iko kule," akasema. "Munashangilia nini?"

 Moyo uliniuma, lakini mke mgeni angesema nini mbele ya wanaume?

Ndipo mama mkwe wangu akalilaza jembe lake chini. Unajua desturi yetu: msiba ukiwapo kilimani, hakuna anayelima.

"Wekeni majembe chini nyote," akasema.

"Kwa nini, mama?" Yeremia akauliza. "Nani amekufa?"

"Majina yao siyajui. Wewe uliyepiga makofi ndiye ungeniambia."

Yeremia akazima redio. Tukaketi kumzunguka Furaha kama tunavyoketi na mfiwa, naye akalia mpaka akachoka. Aliyemletea maji ni Sadoki.

Kesho yake tulirudi sote. Yeremia na Sadoki walilima tuta moja. Hawakusemezana, lakini walilima, na maharage ya Furaha yakawahi mvua. Mama yake hakuonekana tena, wala kaburi lake halijulikani. Miaka mingi baadaye Furaha aliniambia kwamba matanga pekee aliyowahi kufanyiwa mama yake ni yale ya shambani.

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mji ule ule unagombewa tena, nawe unauhesabu kwenye simu kama mabao. Sikukatazi kufuata habari. Ila ukisikia mji umechukuliwa, kabla ya kuuliza umechukuliwa na nani, uliza nani alikuwa anaishi humo. Wanaouteka watauacha, na wengine watakuja. Mwenye mama yake mle ndani ndiye jirani yako wa kudumu.

Basi inuka, uende kwa rafiki yako. Usiende kumweleza vita, anavijua. Kamuulize mama yake yuko wapi, kisha ukae naye. Mungu akutangulie njiani, akupe ulimi wa kufariji, na siku utakapopatwa na lako, majirani walaze majembe yao kwa ajili yako.