Maziwa Yaliyotoka Ndani

Mama yangu hanywi kitu ambacho hakukiona kikimiminwa. Alikulia Bujumbura, kwa wazazi wakimbizi kutoka Rwanda, na nyumbani kwao soda ilifunguliwa mbele ya mgeni na mwenye nyumba akaonja kwanza. Mimi nimerithi nusu ya tabia hiyo. Mhudumu akinichekea sana, naanza kujiuliza anaficha nini.

Siku ile tulikuwa tumetoka hospitali, Kanombe, huku Rwanda. Daktari alikuwa amempa vidonge vipya vya presha, akasisitiza kimoja akimeze mchana huohuo, na kamwe asimeze tumbo likiwa tupu. Mama hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi, na kwetu Masaka si karibu. Mikono ilishaanza kumtetemeka. Nikamwingiza kwenye duka la maziwa lililokuwa jirani, nikiomba kimoyomoyo asianze mambo yake.

Akaanza. Binti mmoja alitupokea meno yote nje.

"Karibu sana, mukecuru wangu, bibi yangu. Kaa hapa, iko hewa nzuri."

Mama aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa polisi. Kwenye kaunta palikuwa na pipa la chuma lenye bomba, na kila mteja alikingiwa maziwa yake ya mgando hapo hapo, akiona. Yule binti alilipita pipa, akaingia ndani, akatoka na vikombe viwili vimeshajaa.

"Wote wanapewa hapa," Mama alisema bila kugeuza shingo. "Mbona yetu inatoka ndani?"

Nilitaka kumwambia aache. Lakini binti alikuwa amemwinamia mwenzake wa kaunta, wananong'ona, wanatutazama, wanacheka. Wanacheka nini? Sikupenda hata kidogo. Nikakisukuma kikombe changu kando, na Mama akaniangalia kwa jicho la nilikwambia.

Ndipo akaja mhudumu mwingine, mwanamke wa makamo, uso mkavu, hana hata salamu. Alivitazama vikombe, akaitazama mikono ya Mama, akaviondoa. Akarudi na vitatu vitupu, akavipindua kimoja kimoja tuone hamna kitu. Akaenda kujaza jagi pale pipani, Mama akimfuata kwa macho, akaja kutumiminia mezani. Cha kwake alikinywa amesimama, mpaka chini.

"Ile ya ndani iko baridi kushinda hii," alisema akifuta mdomo. "Huyu mtoto alitaka kukupa heshima, Mama. Na pale wanasemezana wakuletee mandazi ama chapati, kama meno iko sawa. Hajui wazee."

Akaenda zake kufuta meza nyingine. Nikaona haya kwa ajili ya binti wa watu. Tangu siku hiyo, nikiingia mahali pa kula naangalia mikono ya wahudumu. Tabasamu lao wabaki nalo. Shaka yangu ilikuwa imekwisha kabisa, na njaa nayo ilikuwa inaniuma, kwa hiyo nikanyanyua kikombe ninywe.

Mama akakifunika kwa kiganja chake.

"Ngoja."

Akanywa chake taratibu, akakimaliza. Akatoa kidonge kwenye mkoba, akakimeza. Kisha akakaa, macho kwa yule mwanamke, mkono ukiwa bado juu ya kikombe changu. Nilifurahi kwamba dawa imeingia, nikadhani anapumzika tu. Wateja wa meza ya pili walikunywa, wakalipa, wakaondoka. Mikono yake ilikuwa imeacha kutetemeka alipouondoa ule mkono na kunisogezea kikombe.

"Sasa kunywa," alisema. "Mimi sijasikia kitu."

Hakuwa amemwamini yule mwanamke hata kidogo. Alikunywa na shaka yake yote, ili kama kuna jambo, limkute yeye kwanza.