Oda Zilizokwama Kabla ya Ghorofa ya Tatu

Ulimi wangu una haraka kuliko akili, na mwaka ule nusura umkoseshe mtu kazi.

Nililifungia duka moja la khanga, Kariakoo, mfumo wa oda. Muuzaji anaandika oda kaunta, seva inaipeleka kwenye skrini ya stoo ghorofa ya tatu, mzee wa stoo anashusha mzigo. Sehemu ya kupitisha oda niliiandika mwenyewe, na nilijisifu nayo sana. Siku ya pili oda zikaanza kuchelewa. Wateja walifoka, wengine wakahamia duka la jirani. Mwenye duka, mama wa Kihindi asiyependa maneno mengi, akaniuliza kuna nini. Nikajibu mbele ya wateja na wabeba mizigo: "Mfumo uko fiti, bosi. Mzee analala huko juu."

Mzee alishuka kujitetea. "Mwanangu, zinakuja kwa mkupuo. Kimya, halafu tano pamoja."

Nikacheka. Bosi akamwambia kesho saa sita mchana arudishe ufunguo wa stoo, kazi imekwisha.

Usiku ule kicheko changu kilinikera. Asubuhi nikapanda stoo na kompyuta yangu.

"Shikamoo."

"Marahaba," alijibu bila kuniangalia.

Nikampigia simu muuzaji, akasema ametuma oda. Skrini tupu. Akatuma ya pili, ya tatu, ya nne. Tupu. Alipotuma ya tano, zote zikatokea kwa pamoja. Programu yangu ilikuwa inalimbikiza maneno hadi yajae kiasi fulani ndipo iyatume. Nyumbani niliijaribu kwa oda ndefu za kujitungia, zikapita bila shida. Hapa watu wanaandika "doti mbili", basi. Sikuwa nimeiamuru itume kila oda papo hapo.

Ilikuwa saa tano na nusu. Nilikosea mara mbili kuandika mstari mmoja wa kuiamuru hivyo, nikawasha seva upya. Oda iliyofuata ikafika hapo hapo. Nikageuka nimwambie mzee, kumbe ameshashuka.

Nilimkuta kaunta, ufunguo uko mbele ya bosi. Nikainama karibu na sikio la bosi. "Kosa ni langu. Mzee hana hatia."

"Jana ulipiga kelele," akasema. "Leo mbona unanong'ona?"

Nikawageukia wateja na wabeba mizigo, nikarudia kwa sauti. Mzee hakusubiri nimalize. Alichukua ufunguo akapanda ngazi, maana oda zilikuwa zinaingia.