Karani wa Takwimu na Mstari Wake

Karani wa takwimu wa zahanati yetu hapa Ilala huingiza idadi ya watoto waliochanjwa kila mwezi akiisoma kwa sauti ya chini, kidole cha kushoto kikifuata daftari. Kisha huchora mstari wa mwelekeo kwenye kompyuta, hukokotoa idadi ya mwezi ujao, na huirudia hesabu kwa kalamu. Mwezi uliopita mstari ulimpa mia nne na kumi na mbili.

“Dokta, tuagize chanjo za watoto mia nne na ishirini,” aliniambia.

Nikacheka. “Huo mstari wako unapanda tu!” Nikaagiza za mia tatu.

Jana chanjo zikaisha, na kina mama wamejaa kwenye mabenchi, wengine wamevuka kutoka Kigamboni na vichanga mikononi. Nilijifungia ofisini. Nikamsikia karani akitoka na kusimama mbele yao.

“Tusameheni, mama zangu. Hesabu niliikosea mimi.”

“Siku nyingine uwe makini, dada,” mmoja akamkaripia. “Hawa ni watoto wa watu.”

“Nitakuwa makini, mama.”

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Sikufungua mlango.